Gari la umeme mjini Lubumbashi: jinsi ya kupiga hesabu kabla ya kulipa

Swali linalorudi kila wiki ni lile lile: nikiacha gari la esanse (petroli) na kununua la umeme, fedha nitakazookoa kwenye pompi zitarudisha bei yake baada ya muda gani? Muuzaji hawezi kukupa jibu, na jirani aliyekwisha kununua pia hawezi, kwa sababu jibu linategemea mambo matatu ambayo ni yako peke yako: kilomita unazoendesha kwa siku, saa ambazo umeme unafika nyumbani kwako gari likiwa limeegeshwa, na tofauti ya bei kati ya magari mawili yaliyokwisha kufika mlangoni. Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kupima mambo hayo na kuyaweka kwenye hesabu moja. Bei zote zilizomo ni za mfano, kwa dola, na nimezichagua ili hesabu iwe rahisi kufuata. Ziondoe uweke zako.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Uwe na daftari na kalamu, na simu yenye kikokotoo. Uwe na risiti zako za esanse, au uanze kuzitunza leo. Kama una mita ya kulipia kabla, tunza pia karatasi za manunuzi ya umeme. Jipe mwezi mmoja wa kupima, kwani wiki moja haitoshi: wiki moja ya bahati nzuri na SNEL, shirika la umeme la taifa, inaweza kukudanganya kwa miaka. Mwisho, upate bei mbili zilizoandikwa na wakala wa forodha, moja ya gari la umeme unalolitaka na moja ya gari la esanse la ukubwa huo huo na umri huo huo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika jambo hili daftari lina kazi kuliko gari lenyewe.

Hatua ya 1: Pima kilomita zako

Andika nambari ya kilomita iliyo kwenye dashibodi asubuhi ya siku ya kwanza na jioni ya siku ya thelathini. Toa ya kwanza kwenye ya mwisho, kisha ugawanye kwa siku ulizoendesha. Weka alama pembeni kwenye siku zote ulizotoka nje ya mji, kwa sababu safari ya Likasi, yenye kilomita zipatazo 120 kwenda peke yake, haiwezi kuchanganywa na mizunguko ya kati ya mitaa ya Golf na Kenya na katikati ya mji. Ukiona kwamba unakwenda Likasi au Kolwezi kila wiki, soma hatua ya 7 na ya 8 kwa makini zaidi kuliko wengine.

Hatua ya 2: Pima esanse ambayo gari lako linakunywa kweli

Jaza tangi mpaka pompi ijikate yenyewe, andika kilomita, endesha kama kawaida kwa siku kadhaa, kisha ujaze tena kwenye pompi ile ile mpaka ijikate. Lita ulizoongeza, ukizigawanya kwa kilomita ulizokwenda na kuzidisha kwa 100, ndizo matumizi yako. Rudia mara mbili au tatu. Usitumie nambari ya kwenye karatasi za gari, kwani haikupimwa kwenye foleni ya soko la Kenya wala kwenye avenyu za udongo za Katuba. Kwa mfano wetu tuseme gari dogo linakunywa lita 9 kwa kilomita 100, na lita moja ni dola 1.20. Kilomita 100 zinagharimu dola 10.80.

Hatua ya 3: Pima umeme unaokufikia

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayoamua kila kitu. Bandika karatasi karibu na mlango wa jikoni, uigawe katika safu tatu: umeme umekuja saa ngapi, umekwenda saa ngapi, na gari lilikuwa nyumbani au halikuwapo. Kila mtu wa nyumbani aandike, hata watoto. Baada ya mwezi, jumlisha zile saa tu ambazo umeme ulikuwapo na gari pia lilikuwapo. Umeme unaokuja saa nne asubuhi na kuondoka saa tisa alasiri, wakati gari liko kazini, hauna faida yoyote kwa hesabu hii, hata kama unapoza frigo vizuri.

Pima pia nguvu yake. Mwombe fundi umeme apime volti kwenye soketi ile ile utakayotumia, usiku, wakati majirani wote wanapika. Kwenye mitaa mingi yenye kabini (transfoma ya mtaa) iliyolemewa, volti 220 za kwenye karatasi hushuka sana saa za jioni, na chaja ya gari hukataa kufanya kazi volti zikishuka mno. Saa hizo zifute kwenye jumla yako.

Kuchaji kwa soketi ya kawaida kwa ampea 10 na volti 220 kunatoa kilowati 2.2. Kwa hiyo kila saa ya umeme ulioandika ni kilowati-saa 2.2 unazoweza kuingiza kwenye gari. Zidisha, uandike jibu kwa siku. Nambari hiyo ndiyo tangi lako halisi.

Hatua ya 4: Tafuta bei ya kilowati-saa kutoka kila chanzo

Kwa mita ya kulipia kabla, gawanya fedha ulizolipa kwa kilowati-saa ulizopewa, pamoja na kodi zote. Katika mfano wetu ni dola 0.10.

Wanaolipa kwa bei ya jumla ya mwezi, bila mita, wawe waangalifu. Wengi wao husema, “Kwangu mimi kuchaji ni bure.” Ni bure mpaka siku mita itakapofungwa, na gari unalinunua kwa miaka mingi kuliko hiyo. Pigeni hesabu kwa bei ya jirani mwenye mita.

Kwa jenereta, weka lita moja ya esanse ndani yake ikiwa tupu, iwashe na mzigo (vifaa vya umeme) unaojua ukubwa wake, na uone inatoa kilowati-saa ngapi kabla ya kuzimika. Jenereta ndogo za nyumbani hutoa kama kilowati-saa 2 kwa lita, nyingine chini ya hapo. Esanse ikiwa dola 1.20, kila kilowati-saa inakugharimu dola 0.60, mara sita ya bei ya SNEL, na bado hujaweka mafuta ya injini wala matengenezo ya jenereta yenyewe.

Wenye paneli za jua wakumbuke kwamba chaja ya gari haianzi chini ya ampea 6, yaani kama wati 1,300 kwa volti 220, tena bila kuyumba. Paneli mbili zinazowasha taa na televisheni hazitafanya chochote hapa.

Hatua ya 5: Kadiria umeme ambao gari litatumia, ukihesabu kwenye mita

Gari dogo la umeme kama Nissan Leaf hutumia takriban kilowati-saa 15 hadi 18 kwa kilomita 100. Lakini umeme unaotoka ukutani hauingii wote kwenye betri. Sehemu yake hupotea kama joto kwenye chaja na kebo, kwa kawaida kama asilimia 10 hadi 15. Chukua kilowati-saa 20 kwa kilomita 100 kwenye mita, na hutakosea sana.

Sasa weka bei. Ukichaji kwa SNEL peke yake, kilomita 100 zinagharimu dola 2, na unaokoa dola 8.80. Robo ya umeme ikitoka kwenye jenereta, gharama inapanda hadi dola 4.50 na unaokoa 6.30. Nusu ikitoka kwenye jenereta, gharama ni dola 7 na unaokoa 3.80. Ukichaji kwa jenereta peke yake unalipa dola 12, yaani zaidi ya gari la esanse. Aliyenunua gari la umeme ili alichaji kwa jenereta amehamisha esanse kutoka tangi moja kwenda jingine na kumwaga kidogo njiani.

Hatua ya 6: Pata tofauti ya bei mlangoni kwako

Usilinganishe bei za mnada wa Japani. Linganisha bei za magari mawili yaliyosimama ndani ya lupango (uwanja wa nyumba) lako, yakiwa na plaki. Gari la esanse likishuka bandarini Dar es Salaam linaweza kuendeshwa na dereva kupitia Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa. Gari la umeme haliwezi safari hiyo, kwa hiyo litapanda juu ya lori, na lori linalipiwa. Muulize wakala akuandikie usafiri, ushuru wa DGDA (idara ya forodha), usajili na gharama zake mwenyewe, kila moja kwenye mstari wake. Muulize pia, kabla ya kutuma hata dola moja, kama gari lenye usukani upande wa kulia litasajiliwa bila shida.

Kisha ongeza vifaa vya nyumbani: waya mnene wa peke yake kutoka kwenye mita hadi unapoegesha, disjonkta yake (swichi inayojikata umeme ukizidi), waya wa ardhini uliozikwa vizuri, kifaa cha kuzuia radi, na pengine stabilizeta ya kutuliza volti. Tuseme tofauti ya bei ya magari ni dola 4,000 na vifaa ni dola 500. Jumla ya kurudisha ni dola 4,500.

Hatua ya 7: Gawanya

Kilomita za mwaka zigawanye kwa 100, zidisha kwa akiba ya hatua ya 5, ongeza akiba ya matengenezo (hakuna mafuta ya injini, plagi wala mkanda wa injini, matairi na suspensheni vinabaki, tena barabara zetu hazivihurumii), kisha ugawanye ile 4,500 kwa jibu.

Chukua mzazi anayeendesha kilomita 30 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Anahitaji kilowati-saa 6 kwa siku, ambazo ni chini ya saa tatu za umeme. Hata kwenye mtaa wenye delestaji (ukataji wa umeme kwa zamu) kali, saa tatu kati ya magharibi na alfajiri mara nyingi hupatikana, hivyo anaweza kutegemea SNEL karibu siku zote. Lakini kilomita zake 9,000 za mwaka zinamwokolea dola 792 tu. Akiongeza 120 za matengenezo anapata 912, na fedha yake inarudi baada ya karibu miaka mitano.

Mchukue sasa dereva wa teksi wa kilomita 120 kwa siku. Kwenye karatasi yeye ndiye tajiri: kilomita 36,000 kwa mwaka! Ila anahitaji kilowati-saa 24 kila siku, karibu saa kumi na moja za umeme usiokatika wala kushuka, tena wakati gari halifanyi kazi. Nusu ikitoka kwenye jenereta, anaokoa dola 1,368, na 300 za matengenezo, jumla 1,668. Anarudisha fedha baada ya miaka miwili na miezi minane hivi. Robo tatu ikitoka kwenye jenereta, akiba ya umeme inashuka hadi dola 468 kwa mwaka, na muda unafika karibu miaka sita. Hapo bado hatujahesabu abiria aliowakosa akiwa anasubiri chaji.

Hili ndilo fundo la mjini kwetu: anayetosheka na umeme uliopo hana kilomita za kutosha, na mwenye kilomita za kutosha hana umeme. Anayefaidika ni aliye katikati, wa kilomita 50 hadi 70 kwa siku, mwenye umeme wa saa tano au sita za uhakika usiku, au anayeruhusiwa kuchaji mahali pa kazi penye laini imara. Kwa kilomita 60 kwa siku na SNEL peke yake, akiba ni dola 1,584, pamoja na 200 za matengenezo ni 1,784, na fedha inarudi baada ya miaka miwili na nusu. Kwa mtu wa namna hiyo mimi ningesema nunua, betri ikikubali.

Hatua ya 8: Kagua betri kabla ya kulipa

Nissan Leaf ya kwanza ina betri ya kilowati-saa 24. Baadaye zikaja za 30, 40 na 62. Karatasi za Japani za Leaf ya 24 iliyoboreshwa mwishoni mwa 2012 zilisema kilomita 228 kwa chaji moja, ilhali kipimo cha serikali ya Marekani kwa gari la mwaka 2014 lenye betri ya ukubwa huo kilitoa maili 84, yaani kama kilomita 135. Amini cha Marekani, kisha uondoe umri.

Upande wa kulia wa dashibodi ya Leaf kuna vijistari vidogo 12 vya afya ya betri. Cha kwanza kinapotea betri ikishapoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake, na kila kinachofuata ni asilimia 6 na kidogo. Gari lenye vijistari 8 limebakiwa na takriban theluthi mbili. Betri ya 24 ya namna hiyo ipangie kilomita 60 hadi 70 za mjini, ili ubaki na akiba. Leaf hizo hazina mfumo wa kupooza betri kwa maji, na joto huichakaza betri; usiiache juani siku nzima mwezi wa kumi ikiwa imejaa chaji.

Onyo: vijistari vinaweza kurudishwa 12 kwa kompyuta bila betri kubadilika hata kidogo. Tumia kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani na kusoma betri kwa simu, kisha uendeshe gari kutoka chaji kamili kwa kilomita unazozipima mwenyewe. Kama muuzaji anakataa jaribio hilo, ondoka.

Hatua ya 9: Itikise hesabu yako

Piga hesabu mara tatu zaidi: mara moja saa za umeme zikipungua kwa nusu, mara moja esanse ikishuka bei, na mara moja ukiweka fedha za betri nyingine. Kwa hiyo ya mwisho chagua njia moja tu: ama utenge fedha kwa kila kilomita kwa ajili ya betri ijayo, ama uhesabu kwamba gari litauzwa kwa bei ya chini sana siku ya mwisho. Ukiweka zote mbili umejitoza mara mbili. Ikiwa jibu bado liko chini ya miaka mitatu au minne katika majaribio yote, una hesabu nzuri.

Makosa yanayojirudia

Wapo wanaolinganisha gari jipya la umeme na gari la esanse la miaka kumi na tano walilonalo. Linganisha umri kwa umri. Wapo wanaosahau plagi: gari la Japani, la China na la Ulaya hayana tundu moja la kuchajia, na kebo ya Japani mara nyingi imeandikwa volti 100 au 200, kwa hiyo fundi aithibitishe kabla ya kuichomeka kwenye 220. Wapo pia wanaodhani kwamba kwa kuwa kobalti, madini ya kutengenezea betri, inatoka Kolwezi, betri itakuwa rahisi hapa. Kobalti yetu inaondoka ikiwa bado haijasafishwa kikamilifu, sehemu kubwa husafishwa China, na betri unayoinunua inarudi imelipiwa safari zote. Tena betri nyingi za magari mapya ya China, zile za chuma na fosfeti, hazina kobalti kabisa.

Matatizo na namna ya kuyatatua

Kebo inawaka taa nyekundu na gari halichaji. Mara nyingi nyumba haina waya wa ardhini, au upo kwa jina tu. Fundi aupime, usikubali aidanganye kebo kwa kuunganisha waya mahali pengine. Taa hiyo hiyo hutokea kwenye jenereta ambayo waya wake wa nyutro haujaunganishwa na ardhi.

Soketi inakuwa moto. Acha kuchaji mara moja. Soketi za kawaida hazikutengenezwa kubeba ampea 10 kwa saa nane mfululizo. Weka soketi ya viwandani, na usitumie kebo ya kurefushia.

Chaji inaanza na kukatika. Volti zinashuka. Punguza ampea kama kebo inaruhusu, au sogeza kuchaji baada ya saa tano usiku.

Radi. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu, chomoa kebo mvua inapokaribia, hata kama kifaa cha kuzuia radi kipo.

Mita inaonyesha zaidi ya kilowati-saa 20 kwa kilomita 100. Piga picha ya mita kabla na baada ya kuchaji, vifaa vingine vyote vikiwa vimezimwa. Ikiwa bado ni nyingi, angalia upepo wa matairi, halafu breki zinazogusa.

Jibu la hatua ya 7 ni miaka sita au zaidi. Usilazimishe. Angalia haibridi, gari la esanse lenye pia mota ya umeme, inayojichaji yenyewe kwa injini yake: ikishusha matumizi kutoka lita 9 hadi 5.5, inaokoa dola 4.20 kwa kilomita 100 bila kuomba chochote kwa SNEL, na hiyo inazidi zile 3.80 za mwenye gari la umeme anayechaji nusu kwa jenereta. Rudi hatua ya 6 na bei yake ya mlangoni, upige hesabu upya bila mstari wa vifaa vya nyumbani.